Alama 118: kisa cha mtoto aliyepimwa IQ kwa kulipia huko Florida

Mtoto tunayemchambua hapa ni wa kielelezo. Familia yake haipo, na alama zake tumezipanga sisi ili zionyeshe mambo ambayo wapimaji hukutana nayo kila mara. Kipimo chenyewe, kanuni za jimbo na mipaka ya alama ni halisi.

Binti ana miaka 7 na miezi 2, yuko darasa la pili katika shule ya serikali kusini mwa Florida. Alizaliwa Mombasa, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa na miaka 5. Nyumbani ni Kiswahili, shuleni Kiingereza, Jumamosi asubuhi madrasa. Baba ni muuguzi, mama ni karani wa hesabu, na kipato chao kimevuka kile cha familia ambazo watoto wao hupata chakula cha shule bure au kwa bei nafuu. Mwalimu humsifu kwa utulivu na hesabu nzuri, ila hajawahi kumpendekeza kwa programu ya watoto wenye vipaji. Jirani akawaambia wazazi wasingoje: mwanasaikolojia binafsi atampima mtoto IQ, nao wataipeleka ripoti shuleni. Wakalipa dola 850. Ripoti ikaja na alama ya jumla 118, na mpaka wa kuingia ni 130. Kabla wiki haijaisha walikuwa wanatafuta mpimaji wa pili.

Kilichoharibika ni nini? Baadhi ya makosa yalitokea kwenye meza ya kipimo, na tutayataja. Lakini kosa kubwa lilikuwa na umri wa miaka miwili wakati huo, nalo lilikaa katika fomu ambayo baba aliijaza siku ya kumwandikisha mtoto shule.

Kwa nini watu hulipia

Florida inawahesabu watoto wenye vipaji ndani ya elimu maalumu, kwa hiyo masharti yao yamo katika kanuni ya jimbo na mkuu wa shule hawezi kujiamulia. Njia ya kawaida inadai mambo matatu. Kwanza, ionekane kwamba mtoto anaihitaji programu hiyo. Pili, apate sehemu kubwa ya sifa zilizo kwenye orodha maalumu, ambayo mara nyingi mwalimu ndiye huijaza. Tatu, afikie mikengeuko sanifu miwili (mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) juu ya wastani katika kipimo cha akili kinachofanywa na mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Wastani wa vipimo hivi ni 100 na mkengeuko ni 15. Ndipo ilipotoka 130. Kati ya watoto 100 wa umri mmoja, wanaoifikia ni kama 2.

Wilaya zina wanasaikolojia wao, na mzazi anayeandika barua kuomba mtoto wake achunguzwe hatozwi chochote. Kinachowachosha watu ni foleni. Mara nyingi mtoto huanzia kwenye kipimo kifupi cha mchujo, kwa mfano KBIT, cha dakika 20 hivi, na akifanya vizuri ndipo hupangiwa kipimo kamili. Mwenye pesa huiruka foleni hiyo.

Kaunti ya Broward, yenye mji wa Fort Lauderdale, ndiyo iliyotuachia ushahidi ulio wazi zaidi wa kinachotokea foleni ikiachwa ijipange yenyewe. Hadi mwaka 2005 mtoto alipimwa pale tu mwalimu au mzazi alipomtaja, na mzazi aliyekuwa na dola zinazofika 1,000 aliweza kwenda kwa mpimaji binafsi. Mwaka huo wilaya ikaanza kumpa kila mtoto wa darasa la pili kipimo kifupi kisichotumia maneno, NNAT. Aliyepata 130 alipelekwa kwa mwanasaikolojia wa wilaya. Kwa mtoto wa familia ya kipato kidogo au anayejifunza Kiingereza ilitosha 115. Masharti ya kuingia kwenye programu hayakuguswa. Wachumi David Card na Laura Giuliano waliochambua takwimu hizo, katika makala iliyotoka mwaka 2016, walikuta kiwango cha watoto wa familia zisizojiweza waliotambuliwa kimepanda kwa asilimia 180. Kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini kilipanda kwa asilimia 130, na kwa weusi asilimia 80. Walikuwepo madarasani siku zote, hakuna aliyewataja. Bajeti ilipobana, mchujo wa wote ukasimamishwa mwaka 2010 na pengo likarudi.

Binti yetu ni wa aina hiyo hiyo: mtulivu, wa kike, mwenye lugha nyingine nyumbani. Kwamba mwalimu hakumtaja si ajabu.

Hapa kuna mtego kwa mzazi aliyesoma kwetu. Aliyekulia Kenya atakumbuka KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na shule za kitaifa. Aliyekulia Tanzania atafikiria shule za vipaji maalumu kama Ilboru na Mzumbe. Huko mtoto alichaguliwa kwa mtihani wa masomo, na mtihani ulisomewa usiku na mchana. Kipimo cha akili kina maana pale tu mtoto anapokutana na maswali yake kwa mara ya kwanza. Anayeuza "maswali ya mazoezi" ya WISC, kipimo cha akili alichopewa binti huyu, anauza kitu kitakachoiua ripoti, maana mpimaji mzoefu humtambua mtoto anayejibu kabla swali halijaisha.

Jumamosi saa nane mchana

Mpimaji alikuwa na leseni, na alitumia WISC-V, toleo la mwaka 2014 la watoto wa miaka 6 hadi 16. Hapo hakuna lawama. Kipimo cha mtandaoni kisingepokelewa hata kingekuja na cheti chenye muhuri wa dhahabu.

Saa ndiyo iliyokuwa mbaya. Binti aliingia saa nane mchana akitokea madrasa, alikokuwa tangu asubuhi, tumboni ana juisi na biskuti mbili. Sehemu 10 za msingi huchukua dakika 65 hivi, na mtoto anayefikiri kabla ya kujibu huzidisha. Kwa umri huu tungempanga saa tatu au saa nne asubuhi, siku isiyo na shughuli nyingine, baada ya chai yake ya kawaida. Mtoto mwenye mafua au aliyelala vibaya huahirishwa. Mpimaji anayekataa kuahirisha kwa kuogopa kupoteza siku ni bora mumwache.

Alama ya jumla, inayoitwa FSIQ, hutokana na sehemu 7 kati ya hizo 10. Mbili ni za maneno: mtoto anaeleza vitu viwili vinafanana vipi, kisha anatoa maana za maneno. Moja ni ya kupanga vitofali vya rangi vifuate mchoro. Mbili ni za kufikiri kwa picha: kukamilisha mpangilio, na kusawazisha mizani. Moja ni ya kukumbuka tarakimu. Ya mwisho ni ya kunakili alama ndogondogo kwa penseli ndani ya dakika 2. Kila sehemu hupewa alama kati ya 1 na 19, wastani ukiwa 10.

Katika sehemu za maneno jibu hupata 2, 1 au 0. Tuchukue mfano wetu, usio wa kipimo chenyewe: embe na chungwa vinafanana vipi? Anayesema "ni matunda" hupata 2, anayesema "vinaliwa" hupata 1. Majibu mengine humruhusu mpimaji kusema "hebu nieleze zaidi", na hapo mtoto anaweza kupanda. Sasa mtazame binti aliyelelewa kwa adabu ya nyumba ya Kiswahili: mkubwa akikuuliza, unajibu kwa ufupi, huongezi la kwako. Alipoambiwa aeleze zaidi, alidhani amekosea, akarudia jibu lile lile kwa sauti ya chini zaidi. Maelezo ya mpimaji kuhusu tabia yake yanasema "alijibu kwa maneno machache, alihitaji kutiwa moyo". Alichokiona kilikuwa sahihi, ila alikosa muktadha wa kukifasiri.

Kwenye kunakili alama alipata 9. Kila alama aliichora kwa uangalifu, mbili akazirudia. Watoto wenye mwandiko mzuri hupoteza sana hapa.

Ripoti ilisema nini

Vielezo vitano, yaani alama za makundi ya sehemu zinazofanana (wastani wa kila kielezo ni 100), pamoja na alama za sehemu zake:

- Maneno: 13 na 10, kielezo 108
- Maumbo na nafasi: 15 na 16, kielezo 132
- Kufikiri kwa kupambanua: 16 na 15, kielezo 131
- Kumbukumbu ya papo kwa papo: 12 na 13, kielezo 115
- Kasi: 9 na 10, kielezo 98

FSIQ ikawa 118. Ripoti ikamalizia: uwezo wa juu ya wastani, hastahili kwa mpaka wa 130.

Ukisoma namba moja tu utasema mtoto mzuri, basi. Ukisoma zote utaona pengo la alama 34 kati ya maumbo na kasi, na 24 kati ya maumbo na maneno. Pengo la namna hii linaifanya namba ya jumla kuwa wastani wa watoto wawili tofauti. Juu ya hapo kuna kosa la kawaida la kipimo, yaani kuyumba kwa alama kusikoepukika. Kwa uhakika wa asilimia 95, 118 maana yake ni mahali fulani kati ya 112 na 123, takriban. Ripoti isiyoandika upana huo haijakamilika, na hii haikuuandika.

Mtu anayeijua WISC-V atauliza hapo hapo: vipi kielezo cha uwezo wa jumla, GAI? Hicho huacha kumbukumbu na kasi, kikabaki na sehemu 5. Kwa binti huyu kinatoka kama 124. Kimepanda, lakini msamiati wa Kiingereza bado umo ndani yake na uzito wake umeongezeka. Kielezo kisichotumia maneno, NVI, kinafika kama 128. Kingefika 130 bila shida kama kunakili alama kusingekuwa mojawapo ya sehemu zake 6. Mwaka 2018 chama cha kitaifa cha Marekani cha elimu ya watoto wenye vipaji, NAGC, kilitoa msimamo kwamba wilaya zising'ang'anie FSIQ, zikubali kielezo kinachomfaa mtoto husika. Ushauri huo ni mzuri, lakini wilaya hailazimiki kuufuata. Na hata ingeufuata, katika kisa hiki hakuna kielezo cha jumla kinachovuka 130. Wazazi waliokuwa tayari kubishana wiki nzima juu ya GAI wangeshindwa vilevile.

Kishawishi cha kupima tena

Mpimaji wa pili, kwa simu, alisema anaweza kumwona baada ya wiki tatu na akaongeza kwamba "wengi hupanda". Ni kweli, wengi hupanda. Mtoto akirudia WISC-V ndani ya mwezi mmoja, FSIQ huongezeka kwa kama alama 6 kwa sababu tu ameshayaona maswali, na sehemu za vitofali na kasi hupanda kuliko za maneno. Hiyo ndiyo sababu desturi ni kungoja mwaka mzima. Kubadilisha kipimo kunawezekana: kwa miaka 7 na miezi 2 bado anaingia WPPSI-IV, kipimo cha akili cha watoto wadogo ambacho mwisho wake ni miaka 7 na miezi 7, na Stanford-Binet ya tano, kipimo kingine cha akili, haina shida ya umri. Lakini mpimaji mwadilifu huuliza kama mtoto ameshapimwa na huandika jibu kwenye ripoti. Mzazi akificha na wilaya ikagundua, ripoti zote mbili huingia mashakani.

Tena fikirieni hesabu yenyewe. Alama 118 ikiongezwa 6 ni 124. Dola nyingine 850 zingenunua jibu lile lile la "hastahili".

Fomu ya lugha

Kila mtoto anayeandikishwa Florida mzazi wake huulizwa maswali matatu: je, nyumbani hutumika lugha isiyo Kiingereza? Je, lugha ya kwanza ya mtoto si Kiingereza? Je, mara nyingi mtoto huongea lugha nyingine? Jibu la ndiyo huanzisha uchunguzi wa Kiingereza cha mtoto. Baba alijibu hapana mara tatu.

Sababu yake inaeleweka na ni ya wengi. Aliambiwa na watu waliotangulia kwamba mtoto akiingizwa kwenye masomo ya wanaojifunza Kiingereza atawekwa nyuma. Alitaka kumkinga. Hakujua kwamba jibu hilo lingefunga mlango mwingine kabisa.

Kanuni ya Florida imekuwa na njia ya pili, inayojulikana kama Mpango B, kwa makundi yaliyo machache katika programu hizi: wanaojifunza Kiingereza na wa familia za kipato kidogo. Wilaya huandaa mpango wake na kuweka mpaka wake. Broward, katika miaka iliyochambuliwa na Card na Giuliano, mpaka huo ulikuwa 116. Familia hii haikuingia kwa kipato. Kwa lugha ingeingia, isipokuwa kwamba kwenye kumbukumbu za shule mtoto wao ni msemaji wa Kiingereza tangu kuzaliwa.

Fomu ile ilizaa kasoro nyingine kwa mpimaji binafsi. Kwenye dodoso lake baba aliandika tena "Kiingereza", kwa kuwa binti anakiongea bila kigugumizi. Kwa hiyo msamiati wa 10 ukafasiriwa kama kiwango cha kufikiri kwa maneno, wakati ni alama ya kawaida kabisa iliyopatikana kwa miaka miwili ya lugha. Mpimaji aliyejua asingemtafsiria maswali kwa Kiswahili, kwani tafsiri ya papo kwa papo huharibu ulinganisho na watoto wengine. Angeandika historia ya lugha, angeihesabu NVI tangu mwanzo, na huenda angeongeza kipimo kisicho cha maneno.

Hatua zilizofuata

Katika kisa chetu mpimaji wa pili aliachwa. Wazazi waliandika barua yenye tarehe kwa shule, wakieleza kwamba fomu ya lugha ilijazwa vibaya na kuomba mtoto achunguzwe Kiingereza chake, suala lifike kwenye kamati inayoshughulikia wanaojifunza lugha hiyo. Neno la tahadhari: hili linafaa kwa sababu ni kweli. Fomu husainiwa. Familia inayoongea Kiingereza nyumbani na "kugundua" Kiswahili baada ya kuona alama ya 118 inadanganya, na mtoto akiulizwa maswali mawili tu mambo hujulikana.

Uchunguzi ulionyesha jambo ambalo walimu wa lugha wanalijua vizuri. Kiingereza cha uwanjani kilikuwa kizuri. Cha darasani, cha kueleza sababu na kulinganisha, kilikuwa chini ya kiwango cha umri. Akatambuliwa kuwa anayejifunza Kiingereza. Kama angefaulu uchunguzi huo, Mpango B usingefunguka, na njia iliyobaki ingekuwa kuiomba wilaya ipime upya yenyewe kwa kipimo kisicho cha maneno, muda wa mwaka ukipita.

Pili, waliomba kwa mpimaji wa kwanza nyongeza ya ripoti, si kipimo kipya. Kurasa mbili: historia ya lugha, upana wa kosa la kipimo kwa kila kielezo, NVI na GAI, na maelezo kwa nini FSIQ haimwakilishi mtoto huyu ipasavyo. Alama zote za sehemu zilikuwa zimehifadhiwa, kwa hiyo ilikuwa kazi ya saa chache. Ndiyo maana tunasisitiza ripoti iorodheshe alama za kila sehemu, tarehe, umri kwa miaka na miezi, toleo la kipimo, namba ya leseni na saini. Ripoti yenye namba moja na maneno matamu haiwezi kurekebishwa na mtu mwingine.

Tatu, orodha ya sifa. Ya mwanzo ilikuwa na alama ndogo kwenye "huuliza maswali mengi" na "huongoza wenzake". Ilijazwa upya na mwalimu wa darasa pamoja na mwalimu wa lugha, baada ya kumtazama akifanya hesabu za mafumbo na wenzake wawili. Mtoto asiyemkatiza mwalimu aligeuka kuwa ndiye anayewaelekeza wenzake wapi wamekosea. Katika wilaya nyingi Mpango B una jedwali linalojumlisha alama ya kipimo, masomo na sifa, hivyo orodha hii haikuwa ya kupuuzwa.

Wilaya ya kielelezo chetu ina mpaka wa 116. Alama 118 ikatosha, jedwali likajaa, na mtoto akaandikiwa mpango wa elimu. Mpango huo hupitiwa upya angalau kila baada ya miaka mitatu, na katika umri huu wazazi wahakikishe umeandika mambo mawili yasiyofanana: hesabu za juu ya darasa lake, na msaada wa lugha unaoendelea. Shule hupenda kuchukua kimoja na kusahau cha pili. Wakihama Florida, wabebe ripoti kamili pamoja na nyongeza yake, kwa sababu jimbo jingine lina kanuni zake na linaweza kuanza upya.

Kuhusu zile dola 850: wilaya haikuzirudisha, na hakuna kanuni inayoidai izirudishe. Barua ya kuomba uchunguzi wa bure, ikiambatana na fomu ya lugha iliyojazwa sawasawa, ingemfikisha mtoto kwenye kipimo hicho hicho, huenda miezi kadhaa baadaye.